Waingereza hawakuokolewa na hospitali peke yake

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu lililopita lilikuwa na makala ndefu kuhusu huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, ile iliyoanza tarehe 5 Julai 1948. Mwandishi ameieleza vizuri, nami sina ugomvi naye kuhusu hospitali wala matibabu ya bure. Ninachokataa ni aya yake moja inayodai kwamba kabla ya siku hiyo mtoto wa maskini wa Kiingereza aliachwa afe, na kwamba hospitali ndizo zilizomwokoa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna watu walioifanya kazi hiyo ambao makala haikuwataja kabisa: daktari wa afya wa manispaa na mabwana afya wake.

Tazameni takwimu. Mwaka 1900, katika England na Wales, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 154 hivi walifariki kabla ya kufikisha mwaka. Kufikia 1948, mwaka ule ule hospitali zilipotaifishwa, vifo hivyo vilikuwa vimeshashuka hadi 34 hivi. Mishahara na chakula bora vilichangia, hilo silikatai. Lakini kulikuwa pia na maji safi, mabomba ya majitaka, maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu, wauguzi waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwaona wazazi, na chanjo zilizotolewa katika kliniki za halmashauri. Dondakoo iliua watu karibu 2,500 mwaka 1940, wengi wao watoto. Kampeni ya chanjo ilianza mwaka huo huo, na 1950 waliokufa hawakufika 100. Hiyo ni kazi ya manispaa.

Daktari huyo alikuwa nani? Wa kwanza kabisa alikuwa William Henry Duncan wa Liverpool, aliyeanza kazi 1847, na baada yake wakaenea nchi nzima. Aliajiriwa na halmashauri na kulipwa nayo. Hata hivyo, sheria ya 1921 ilisema halmashauri haiwezi kumfukuza bila idhini ya Waziri wa Afya. Na kila mwaka alilazimika kuandika ripoti ya hali ya afya ya mji wake. Naomba wasomaji wayaweke pamoja mambo hayo mawili: mtu anayetakiwa kuandika ukweli kila mwaka, na tajiri wake hawezi kumpokonya unga kwa sababu ameuandika.

Ripoti za London zimewekwa kwenye mtandao na maktaba moja ya huko, zaidi ya 5,500, kuanzia 1848 hadi 1972, na kuzisoma ni bure. Nimefanya kazi ya bwana afya hadi kustaafu, na nikizifungua zile za miaka ya 1950, za manispaa kama Finsbury, Poplar au Bethnal Green, naikuta kazi yangu mwenyewe. Waliozaliwa, waliokufa na walikufa kwa nini. Kifua kikuu, kifaduro, polio. Nyumba zilizokaguliwa na zilizoonekana hazifai kukaliwa na binadamu. Makopo ya nyama na samaki yaliyoharibiwa. Panya, kunguni, vyoo vya uani vilivyotumiwa na familia zaidi ya moja. Tusidhani Waingereza wa wakati huo walikuwa wanaishi kama tunavyowaona kwenye televisheni: sensa ya 1951, ya kwanza kuuliza habari hizo, ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya kaya hazikuwa na bafu la kuogea ndani ya nyumba.

Chukueni aiskrimu. Kanuni za 1947 zililazimisha mchanganyiko wake upashwe moto kabla ya kugandishwa. Lakini kanuni bila mpimaji ni karatasi tu, kwa hiyo bwana afya alikwenda dukani au kwenye mkokoteni wa mchuuzi, akachukua sampuli na kuipeleka maabara. Huko ilitiwa rangi ya buluu iitwayo methilini, ikawekwa usiku kucha, kwa muda wa saa 17, katika nyuzi 20, kisha ikapashwa hadi 37, joto la mwili wa mtu. Vijidudu vikiwa vingi, buluu hupotea haraka. Iliyodumisha rangi kwa saa nne na nusu au zaidi ilipata daraja la 1. Ambayo asubuhi ilikutwa imeshakuwa nyeupe ilipewa daraja la 4, na bwana afya akarudi kwa mchuuzi kuangalia sufuria, vijiko, na mahali anapooshea mikono. Mwisho wa mwaka, idadi ya kila daraja ilichapishwa kwenye ripoti. Hakuna hospitali hapo wala mgonjwa, kwa sababu mgonjwa alizuiwa asitokee.

Kwamba kazi hii ni ya uhai na kifo, Croydon ilijifunza kwa msiba. Mwaka 1937, manispaa hiyo ya kusini mwa London ilikuwa na mafundi ndani ya kisima chake cha Addington. Mmoja wao alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye kuumwa. Wakati huo huo maji ya kisima yaliendelea kusukumwa kwa wananchi bila kuchujwa wala kutiwa klorini. Watu 341 waliugua na 43 wakafa. Uchunguzi ulipofanyika ilibainika kwamba daktari wa afya wa manispaa hakuwa ameambiwa kwamba kuna watu kisimani. Ofisi ya wahandisi ilijua, ya afya haikujua, na zote ni za halmashauri moja! Mwaka 1938 mahakama iliiwajibisha halmashauri kwa uzembe, na kuanzia hapo kutia klorini maji ya umma na kuwapima mafundi wa maji kukawa jambo la kawaida Uingereza. Kila ninaposoma habari za Croydon hasira hunipanda, maana nimekaa kwenye vikao ambavyo idara ya maji na idara ya afya hazisalimiani.

Halafu kuna moshi. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, mzito kiasi kwamba ukumbi wa Sadler's Wells, pale Finsbury, ulikatiza onyesho kwa sababu watazamaji hawakuona jukwaa. Hesabu ya serikali ilikuwa vifo 4,000 hivi. Watafiti wa baadaye wamekisia hadi 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilizipa halmashauri uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi. Nayo ilikuwa na busara: mwenye nyumba aliyelazimika kubadilisha meko alirudishiwa saba ya kumi ya gharama. Kwetu tunapiga marufuku kwanza, na mwananchi anabaki kujua mwenyewe atapikia nini.

Sisemi kwamba mabwana hao walikuwa malaika. Sheria nyingine ya 1948 ilimruhusu daktari wa afya wa manispaa kuomba amri ya mahakama ili mzee mgonjwa au dhaifu anayeishi katika uchafu, asiye na wa kumtunza, aondolewe nyumbani kwake hata kama hataki, na marekebisho ya 1951 yakaruhusu afanye hivyo kwa dharura bila hata kumpa taarifa. Hilo silisifu. Mzee angepelekewa mtu wa kumfulia na kumpikia, na manispaa kadhaa zilifanya hivyo hasa; nyingine zingeziiga.

Mwaka 1974 Waingereza walikifuta cheo cha daktari wa afya wa manispaa. Mabwana afya walibaki halmashauri, daktari akahamishiwa mamlaka za afya zilizosimamia hospitali, na wawili waliokuwa wakitembea mtaa mmoja wakatenganishwa. Ilichukua hadi 2013 kwa kazi ya afya ya umma kurudishwa kwenye halmashauri za England, na mkurugenzi wake akatakiwa tena na sheria kuandika ripoti yake ya kila mwaka, na halmashauri kuichapisha. Miaka 39! Mwandishi wenu angelijua hilo asingeandika kana kwamba 1948 ndiyo iliyomaliza kila kitu.

Hapa Kenya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya 1921 na imezaliwa na mawazo hayo hayo ya Kiingereza. Bwana afya tunaye, na mamlaka ya kukagua choo, kisima na buchari anayo. Kilichokosekana, kwa jinsi nilivyoiona kazi hii, ni ile ripoti ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuingia mahali akaisoma, na ile kinga ya kumwezesha mtu kuiandika bila kuhofia uhamisho.

Nina maombi mawili. La kwanza, mrekebishe aya ile. La pili, waandishi wenu waende kwa wakuu wa afya wa kaunti zote sita za Pwani, wawaombe hesabu za mwaka jana: sampuli ngapi za maji ya visima zilipimwa, ngapi zilikutwa na kinyesi, na visima hivyo viko mtaa gani. Majibu watakayopewa yachapishwe kama yalivyo, hata kama jibu ni kwamba hesabu hazipo.

Wenu,
Bwana afya mstaafu,
Mombasa