Nililipia kisomeo cha usiku, nikaletewa cha mchana

Langoni, Lamu
12 Februari 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KISOMEO CHA VITABU KISICHO NA TAA

Nawaandikia baada ya kuwapigia simu mara tatu na kujibiwa na watu watatu, kila mmoja na lake.

Mwezi uliopita niliagiza kwenu kisomeo cha wino wa elektroniki, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa shilingi 14,500, nikalipa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Tangazo lenu, ambalo picha yake ya skrini nimeiambatisha, lilisema kina taa yake chenyewe, tena ya kubadilika kutoka nyeupe hadi manjano, na kwamba kinasoma faili za EPUB, aina ya faili za vitabu vya kielektroniki. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonitoa pesa. Kava la bure na mapambo mengine sikuyahitaji.

Mzigo ulikuja kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, nikaenda mwenyewe gatini kuupokea. Usiku ule, mke wangu amelala, nikaingia chandaruani na kisomeo changu kipya. Nikakiwasha. Giza. Nikabonyeza kila panapobonyezeka, nikapekua setingi zote, na hapakuwa na hata mahali palipoandikwa mwangaza. Mwishowe nikabana tochi ya simu baina ya kidevu na bega, mbu wakajaa nje ya chandarua, na mke wangu akaamka kuniuliza nimepoteza nini.

Kijana wenu wa kwanza aliniambia niongeze mwangaza. Wa pili akasema vifaa hivi ndivyo vilivyo, kwa kuwa vinatunza macho. Hapo mniwie radhi, anayeuza hajui anachokiuza. Skrini ya simu inawaka yenyewe na kukupiga mwanga machoni, ndiyo maana nataka kuihama usiku. Wino wa elektroniki hauwaki. Ni chembechembe nyeusi na nyeupe ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha, kisha zikatulia pale pale kama wino karatasini. Kwa hiyo gizani huoni kitu, mpaka kifaa kiwe na vitaa pembeni vya kuumwagia ukurasa mwanga. Vipo vyenye vitaa hivyo na vipo visivyo navyo, na mimi nililipia chenye navyo. Namba ya modeli iliyo mgongoni mwa hiki mlicholeta, kwa herufi ndogo kama chawa, siyo ile ya kwenye tangazo. Ilibidi mwanangu anisomee.

Na hiyo EPUB pia hakuna. Hapa kisiwani riwaya si kitu cha kutoka nyumbani ukainunua, ni mpaka uagize Mombasa na ungoje. Ndiyo maana nimejikusanyia vitabu vya bure vya EPUB vya Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni yenye zaidi ya 70,000, pamoja na vichache vya kununua. Nikiviingiza kwa waya, kifaa hakivioni. Mtu wenu wa tatu akanishauri nivigeuze kwa kompyuta viwe faili za aina nyingine. Programu ya Calibre ya kufanyia kazi hiyo naijua, na ni ya bure, lakini kompyuta sina, na sikuambiwa kwamba kisomeo chenu kinahitaji kompyuta pembeni.

Sitaki kuwaonea. Barazani, jua likiwa la utosi, maandishi yake yanasomeka kuliko ya simu yoyote niliyowahi kushika. Ila wakati huo mimi niko karakanani, mikono imejaa gundi na vumbi la mbao. Muda wangu wa kusoma ni baada ya isha.

Naomba mniletee modeli ile ile iliyotangazwa, au mnirudishie shilingi zangu 14,500. Kwa vyovyote vile nauli ya kurudisha hiki, boti na basi, iwe juu yenu, kwa kuwa kosa si langu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nayo. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Simu nimechoka nazo.

Kifaa kimo ndani ya boksi lake pamoja na waya na kava. Chaji haijapungua hata nusu tangu kifike, na katika yote mliyoyatangaza, hilo moja ni kweli.

Mteja wenu,
(jina na namba ya simu vimo kwenye risiti niliyoambatisha)