Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaoshabikia Roketi

Wanangu,

Nimewavumilia vya kutosha. Roketi ya kampuni binafsi ikiruka tu, nyinyi hao mbio: "Serikali ikae pembeni, wenye fedha zao wamefanya wenyewe!" Fedha zao zipi? Hadi Desemba 2008 SpaceX, kampuni ya Elon Musk, ilikuwa imefikisha angani roketi moja ndogo, baada ya kushindwa mara tatu. Kilichoishika mkono ni mkataba wa NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, wa dola bilioni 1.6, wa kupeleka mizigo mara 12 kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Hiyo ni kodi ya Wamarekani.

Kabla ya kuuliza roketi ni ya nani, ulizeni mkataba umeandikwaje. Kuna ule ambao serikali hulipa gharama zote, kisha humwongezea mkandarasi faida juu yake. Kazi ikichelewa, nani anaumia? Si yeye. Na kuna wa bei moja: umeshatia sahihi, hasara ni yako. Mwaka 2014 NASA ilitumia huu wa pili, ikawapa Boeing dola bilioni 4.2 na SpaceX bilioni 2.6 wabebe wanaanga. SpaceX ikabeba watu Mei 2020. Starliner, chombo cha Boeing, ikaja kubeba wawili Juni 2024. Gesi ya heliamu ikavuja, injini ndogo kadhaa zikagoma, na Septemba chombo kikarudi kitupu. Mlicheka sana. Lakini hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 iliingia kwenye vitabu vya Boeing yenyewe, haikuingia hazina. Hilo mbona hamkulisema?

Sasa itazameni SLS, roketi kubwa ya NASA yenyewe ya kwenda mwezini. Sheria ya 2010 iliitaka NASA itumie, kadiri iwezekanavyo, mikataba na wafanyakazi wa enzi za shuttle, chombo chake cha zamani kilichokuwa kikienda angani na kurudi. Maseneta walikuwa wakilinda ajira za majimboni kwao, Alabama na kwingineko. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA akaliambia Bunge kwamba kila moja ya safari nne za kwanza itagharimu dola bilioni 4.1. Novemba SLS ikaruka na injini nne ambazo shuttle ilikuwa ikienda nazo na kurudi nazo. Safari hii zikaishia baharini. Mtu mzima unatazama, unabaki kusonya.

Simlaumu fundi, wanangu, wala mwanasiasa peke yake. Watu tumezoea kupiga makofi roketi ikinguruma na kusinzia bajeti ikisomwa, naye seneta analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Mengine kwa kifupi. Msiabudu matajiri. Msiwatukane wahandisi kwa makosa ya mabosi wao. Bei ya kwenye tangazo si bei ya kwenye mkataba. Na muiogope siku ambayo kampuni itabaki moja: NASA ilichagua mbili makusudi, isije ikapangiwa bei. Mkianza tena ubishi wenu, anzieni hapo, na mimi mniite.