Gari Lisilo na Breki Halitoki: Wito wa Harambee ya Ratha Yatra

Kwa waumini wa hekalu letu, wazee, kina mama na vijana, na kwa majirani wa dini zote ambao msafara wetu hupita milangoni mwenu: namaste, na salamu nyingi.

Msimu wa Ratha Yatra, sherehe ya kumtoa mungu Jagannath kwa gari linalokokotwa kwa kamba, ukikaribia, michango ya maua huja yenyewe. Familia hugombania shada la Jagannath, kina mama hugawana masufuria ya prasada, chakula kilichotolewa kwa miungu kisha kugawiwa watu, kabla kamati haijaitisha kikao, na kitambaa kipya cha paa la gari hupata mfadhili pale pale mlangoni, watu wakivaa viatu. Tunashukuru kwa yote. Ila hajatokea hata mmoja wa kutuvuta pembeni na kusema, "Breki niachieni mimi." Kwa hiyo wito huu ni wa breki, wa paa linaloshuka, na wa watu waliofunzwa kusimamia kamba. Maua tunayo.

Tuanze na uamuzi, asije mtu kusema alifichwa. Kamati ya msafara imekubaliana kwamba gari kubwa halitaingia tena barabarani mpaka kazi hizo tatu zimalizike. Zisipomalizika kwa wakati, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra watatoka mwaka huu kwa machela ya kubebwa mabegani, na gari litabaki bandani. Uamuzi huu haukupita kimya. Wapo wazee waliosema gari limetembea miaka yote bila ajali, na kwamba Jagannath hulinda vilivyo vyake. Tunawaheshimu, na juu ya ulinzi wa Jagannath hatuna ubishi. Lakini fundi aliyeingia chini ya gari na tochi alitoka na maneno machache, na hakuna hata moja lililotufurahisha.

Kwa majirani mnaotuona mara moja kwa mwaka tukiziba njia, ni haki yenu kujua mnazibiwa kwa ajili ya nini. Sherehe hii asili yake ni mji wa Puri, jimbo la Odisha, pwani ya mashariki ya India. Huko, siku ya pili baada ya mwezi mwandamo katika Ashadha, mwezi wa kalenda ya Kihindu, ambayo huangukia Juni au Julai, miungu hao watatu hutolewa hekaluni na kukokotwa kwa kamba kiasi cha kilomita 3 hadi hekalu la Gundicha, wakae huko siku kadhaa kisha warudishwe. Magari ni matatu, ya mbao, na huundwa upya kila mwaka. La Jagannath, liitwalo Nandighosha, lina magurudumu 16 na kimo cha zaidi ya mita 13. La Balabhadra lina magurudumu 14, la Subhadra 12. Kabla ya safari, Gajapati, mrithi wa ufalme wa Puri, hupanda kwenye kila gari na kulifagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Ukiona mwenyekiti wetu anafagia sakafu ya gari asubuhi ya sherehe, usidhani amekosa wa kumtuma.

Hekalu la Puri haliruhusu asiye Mhindu kuingia. Siku ya magari, hata hivyo, Jagannath mwenyewe hutoka nje, na njia kuu ya mji, Bada Danda, haina mlango wa kumfungia mtu. Katika karne ya 17 aliishi huko Salabega, Mwislamu, mwana wa ofisa wa dola ya Mughal, aliyemtungia Jagannath nyimbo ambazo watu wa Odisha wanaziimba mpaka leo. Ndani ya hekalu hakuruhusiwa. Kaburi lake liko kando ya Bada Danda, na kila mwaka Nandighosha husimama hapo kidogo kabla ya kuendelea. Tunapowaambia majirani zetu Waislamu, Wakristo na wasio na dini kwamba kamba ni yenu pia, hatujabuni jambo la kuwapendeza. Ndivyo sherehe yenyewe ilivyo.

Nje ya India mambo yalianza kwa udogo. Mwaka 1967, huko San Francisco, wafuasi wa A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwalimu wa Kihindu kutoka India, waliwapandisha miungu kwenye lori la wazi wakaandamana nao mitaani. Mwaka 1969 ikawa zamu ya London, msafara ukaishia Trafalgar Square. Tangu hapo magari ya Jagannath yameenea katika miji ambayo barabara zake hazikujengwa kwa ajili yake, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia. Bada Danda ni pana na msafara ndiyo kazi yake. Njia yetu ina nyaya juu, mteremko katikati na kona mbili ambazo hata basi huzikata kwa kusitasita.

Paa kwanza. Tarehe 27 Aprili 2022, huko Kalimedu, karibu na Thanjavur katika jimbo la Tamil Nadu, gari la sherehe ya hekalu liligusa waya wa umeme wa msongo mkubwa. Watu 11 walikufa, watoto wakiwemo. Tarehe 28 Juni 2023, huko Kumarghat, jimbo la Tripura, gari la chuma la Jagannath liligusa waya likiwa katika safari ya kurudi, na watu kadhaa wakafa kwa umeme na moto. Waliokufa walikuwa waumini kama sisi, siku ya furaha kama yetu. Fremu ya gari letu ni ya chuma, na paa lake limechomelewa moja kwa moja. Miaka yote tumepita chini ya nyaya kwa kumweka kijana juu akiangalia na kupiga kelele "pita!" Tukisema kweli, kijana huyo ndiye wa kwanza ambaye angeumia. Tena si lazima chuma kiguse waya. Kikikaribia mno waya wa msongo mkubwa, umeme huruka wenyewe.

Tunachotaka kujenga si kitu kigeni. Miji mingi inayokokota magari haya hutumia paa la kitambaa juu ya nguzo zinazoingia moja ndani ya nyingine, likishushwa na kupandishwa kwa winchi. Gari likifika penye waya husimama, paa linashuka, gari linapita, paa linapanda tena. (Watoto hulishangilia paa likishuka kuliko wanavyoshangilia ngoma, kwa hiyo hatupotezi shamrashamra yoyote.) Pamoja na paa, tutaiomba kampuni ya umeme itupimie kimo cha kila waya unaokatiza njia, na hakuna atakayeruhusiwa kukaa juu ya gari gari likitembea, awe mtoto wa mwenyekiti au wa nani.

Breki ndiyo iliyokula muda mwingi zaidi katika vikao vyetu. Asiyewahi kushika kamba hudhani kazi ni kulivuta gari. Kuvuta ni rahisi, watu ni wengi na wamejaa furaha. Kazi ni kulisimamisha. Kamba huvuta tu, haiwezi kuzuia. Gari likianza kuteremka, wavutaji ndio hujikuta wanafukuzwa nalo. Puri hutumia magogo yanayosukumwa mbele ya magurudumu, na wenye kazi hiyo wameirithi kwa wazee wao. Sisi hatuna urithi huo. Tunacho kipande cha mbao na mzee mmoja mwenye moyo mkubwa na goti bovu. Tunahitaji breki za kweli kwenye ekseli zote mbili, usukani unaofungwa na kufunguliwa kutoka kwenye sakafu ya gari, kabari zilizochongwa vizuri, na watu wawili kila upande ambao siku hiyo hawatakuwa na jukumu lingine lolote, hata la kupiga picha.

Magurudumu yenyewe husumbua hata wakubwa. Gari la ISKCON, chama alichokianzisha Prabhupada, la mji wa Kolkata lilitembea miongo mingi kwa matairi ya ndege ya Boeing. Yalipochakaa na ya aina ile kuadimika, mwaka 2025 wakafunga ya ndege za kivita za Sukhoi. Sisi hatuombi mtuitie jeshi la anga. Beringi mpya na ekseli zilizonyooka zinatutosha.

Kisha kuna kamba na watu. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na sisi tuna pabovu pawili: kamba yenyewe, ambayo imechakaa na inabadilishwa yote, na nafasi iliyo kati ya mwisho wa kamba na magurudumu ya mbele. Huko ndiko watu hukimbilia kugusa gari, kuokota ua, kumwinua mtoto aone. Tarehe 29 Juni 2025, huko Puri kwenyewe, watu watatu walikufa katika msongamano karibu na hekalu la Gundicha, ingawa mji ule una uzoefu wa karne nyingi. Tunataka nafasi ile izungushiwe kamba nyembamba ya pembeni na kusimamiwa na watu waliofunzwa: wenye vizibao vinavyoonekana, vipaza sauti vya mkononi, na ishara moja ya kusimama ambayo kila mshika kamba ameifahamu kabla hatujaondoka. Mafunzo hayo pamoja na ya huduma ya kwanza yanalipiwa. Bima ya msafara inalipiwa. Maji ya kunywa tutayapata kwa wafadhili wa kila mwaka, na usafi wa barabara baada ya prasada ni kazi ya vijana wetu, hilo halina gharama.

Makubaliano na majirani yanaendelea kama zamani. Ngoma hunyamaza mbele ya hospitali, na hunyamaza mbele ya msikiti wakati wa adhana na sala. Saa ya kuondoka tunaipanga baada ya ibada ya kanisa kumalizika, maana mwaka ambao misafara miwili ya watu wenye nguo nzuri ilikutana kwenye kona moja haukumfurahisha yeyote. Upande mmoja wa barabara huachwa wazi kwa gari la wagonjwa.

Fedha zitagawanywa hivi. Zaidi ya nusu itakwenda kwa mafundi: paa, winchi, breki, usukani, ekseli. Sehemu inayofuata ni kamba, vifaa vya wasimamizi na mafunzo yao. Iliyobaki ni bima na ada za vibali. Makadirio ya mafundi, yote matatu tuliyoyapokea, yamebandikwa kwenye ubao wa hekalu pamoja na kiasi kinachotakiwa na kiasi kilichoingia, na ubao husahihishwa kila wiki. Wanaohesabu ni watatu, na mmoja wao ni jirani asiye wa hekalu letu, kwa ombi letu wenyewe. Kikibaki chochote, kinawekwa kwa matengenezo ya gari mwaka ujao. Hakitahamishiwa kwenye mapambo, hata ombi likija kwa machozi.

Wafanyabiashara wametuuliza kama wanaweza kuweka bango la kampuni kwenye gari. Hapana. Majina ya wachangiaji yatasomwa hekaluni na kuandikwa ubaoni kwa herufi za ukubwa mmoja, mwenye kutoa kikubwa na mwenye kutoa alichonacho. Asiyetaka jina lake lisomwe aseme tu.

Asiye na fedha ana mengi ya kutoa. Mchomeleaji wa vyuma atupe siku zake mbili tatu na tutampunguzia fundi mkuu gharama. Mshonaji hodari wa turubai anahitajika kuliko mpambaji yeyote. Wauguzi na waliowahi kusimamia umati viwanjani, tafadhali jitokezeni, ninyi mtawafundisha wenzenu. Na wewe uliyekwisha kuagiza shada, lilete, Jagannath atalivaa. Lakini ukipita mlangoni, tia kitu na kwenye sanduku la breki.

Michango ipokelewe kwa mweka hazina katika ofisi ya hekalu, na kila mtoaji achukue stakabadhi. Tunaomba ahadi zote ziwe zimetimizwa ifikapo Akshaya Tritiya, mwezi wa Aprili au Mei, siku ambayo Puri nao huanza kuunda magari yao. Fundi wetu amesema baada ya hapo hataahidi kitu. Siku ya Snana Purnima miungu wataogeshwa, kisha watafichwa machoni pa watu kwa takriban wiki mbili wakihesabiwa kuwa wana homa. Katika wiki hizo gari litajaribiwa kwenye mteremko wa njia yetu likiwa limebeba mifuko ya mchanga. Tunahitaji wavutaji wa majaribio, wa dini yoyote, wenye umri wa zaidi ya miaka 18. Wajiandikishe ofisini, na waje na viatu vya kufunga, si ndala.