Mke wa nani?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa 22 sasa na sijawahi kukuandikia, hata pale fumbo la maneno lilipochapishwa na majibu ya fumbo jingine. Lakini makala yenu ya Jumapili juu ya waongozaji wa sinema za Ufaransa sikuweza kuimeza. Aya nne za Godard, tatu za Truffaut, halafu mwisho kabisa, kama mchango wa harusi uliochelewa: Agnès Varda, mke wa Jacques Demy.

Mke! Walioana 1962, na Demy naye alikuwa mwongozaji. Filamu ya kwanza ya Varda, La Pointe Courte, aliipiga 1954 kwenye mtaa wa wavuvi mjini Sète, naye alikuwa mpiga picha za mnato tu ambaye hajasomea sinema popote. Filamu ndefu ya kwanza ya Truffaut ilitoka 1959, ya Godard 1960. Hilo Wimbi Jipya la sinema za Ufaransa mnaloliimba lilipofika ufukweni lilimkuta mama ameshaoga na nguo ameanika. Godard alikuwa na akili, sibishi, ila kila nikimtazama najiona kama ananisahihishia daftari mbele ya wageni. Bresson, mwongozaji mwenzao, ni mkavu kama padri wa zamani, lakini mwaka 1966 alitengeneza filamu ya punda, na yule punda aliniliza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dharau hii nimeshaionja ana kwa ana. Mwaka juzi nilipanda daladala mbili kwenda ukumbi mmoja mjini kutazama filamu ya Varda, Cléo de 5 à 7. Ni kisa cha mwimbaji anayezunguka Paris akisubiri majibu ya vipimo, anahofia ana saratani. Filamu nzima ni dakika 90, na saa inakwenda karibu sawa na saa yako uliyoivaa mkononi. Kijana wa kutambulisha akashika kipaza sauti dakika 35 akimsifu Godard, Godard, Godard, ambaye humo ndani anaonekana dakika chache tu amevua miwani yake nyeusi. Taa zikazimwa. Tukaingia kwenye kisa, Cléo yuko bustanini na yule askari anayerudi vitani Algeria, wanakaribia kwenda hospitali, mara taa zikawashwa! Ukumbi una kitchen party saa 12, jamani tupishe. Kina mama walishaanza kuingiza maputo. Dada niliyekaa naye akanishika mkono: "Mwalimu, sasa anayo au hana?" Nikamsimulia mwisho wake ndani ya daladala, nimeshika bomba, na konda akawa anasikiliza.

Na hayo maandishi ya tafsiri, meupe juu ya mashuka meupe, anayasoma nani? Afadhali vijana wa vibanda umiza wanaotia Kiswahili juu ya picha. Chumvi wanaongeza, lakini hawazimi kabla hatujajua kama stelingi anapona au anakufa.

Mwandishi wako angetafuta hata dakika kumi tu angegundua kwamba huyo "mke", akiwa na mtoto mdogo, alivuta waya wa umeme wa mita 90 kutoka nyumbani kwake mtaa wa Daguerre akawapiga picha za sinema wenye maduka jirani, na waya ulipoishia ndipo kazi ilipoishia. Kwamba 1985 alichukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu kule Venice. Kwamba kwenye filamu ya 2000 aliingia mashambani na kamera ndogo, akaokota viazi vilivyotupwa na kubeba nyumbani vile vyenye umbo la moyo.

Kwa hiyo napendekeza mwandishi wako apewe gunia la mbatata za Lushoto, akae chini hapo ofisini kwenu achambue kimoja kimoja. Akipata chenye umbo la moyo, aruhusiwe kuandika tena habari za sinema. Gunia nalipa mimi, ila lisiwe lumbesa.

Mwalimu mstaafu wa Kifaransa,
Ilala, Dar es Salaam