Mheshimiwa Naibu Waziri, wanafunzi wa umeme wamerudishwa tena getini

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Mtwara, na pole kwa majukumu.

Juma lililopita wanafunzi wa uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, walifika kwenye kituo kimoja cha kuzalisha umeme kwa gesi wakiwa na barua za chuo mkononi. Mlinzi alizisoma, akapiga simu ndani, akawarudishia. Hakuna makubaliano yaliyosainiwa, hakuna bima, hakuna viatu vya usalama. Sasa wamepangiwa ofisi fulani mjini, wanaingiza fomu za wateja kwenye kompyuta. Muda wa field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, utaisha hivyo hivyo, logbuku itagongwa muhuri, na baadaye taifa litatangaziwa kwamba limepata wahandisi.

Ulituahidi mbele ya kamera, Mheshimiwa, kwamba makubaliano ya vyuo na viwanda yangesainiwa kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Mwaka umekwisha. Kamera nazo zimeondoka.

Labda huko juu inadhaniwa kwamba field ni matembezi. Basi tueleze kazi moja tu, ya kuunganisha jenereta kwenye laini yenye umeme. Volti za pande mbili zilingane, mpangilio wa fezi uwe uleule, na masafa ya mashine (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yazidi kidogo ya laini, tuseme hezi 50.1 dhidi ya 50. Hapo sindano ya sinkroskopu, kifaa kinacholinganisha mashine na laini, huzunguka taratibu kuelekea upande wa haraka, na breka, yaani swichi kubwa ya kuunganisha, hufungwa sindano ikikaribia saa sita juu, kabla haijafika, kwa sababu breka yenyewe huchukua muda kujifunga. Ukifunga sindano ikiwa chini, shafti inapigwa kwa nguvu inayoweza kuvunja kapulingi, kiungo cha shafti, na kulegeza koili za jenereta. Haya yote yanafundishwa ubaoni, na mwanafunzi anapata A. Mkono wake haujawahi kugusa swichi.

Na Mtwara si mahali pa kujifunzia makosa hayo kazini. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mashine za gesi za megawati 2 kila moja. Kwenye mfumo mdogo namna hiyo, mashine moja ikitoka ghafla masafa yanaporomoka papo hapo, na mzigo usipopunguzwa haraka zinazobaki nazo zinafuata. Mtaani tunaita umeme kukatika, tunamlaani fundi, tunawasha mshumaa.

Kuna na chumvi. Upepo wa bahari huigandisha kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya na kuzuia umeme usipite nguzoni, vya laini za kilovolti 33. Jua likiwaka, hakuna neno. Umande wa alfajiri au manyunyu ya kwanza yakiilowesha, mkondo hutambaa juu ya kikombe, cheche zinaruka, laini inatoka. Mvua kubwa ikija inaosha, tatizo linajificha, na anayekagua mchana haoni kitu. Dawa zipo: kuosha vikombe kabla ya msimu, kupaka silikoni, au kufunga vikombe vyenye njia ndefu zaidi kwa mkondo kutambaa. Hilo mwanafunzi hujifunza kwa kutoka na gari la dharura alfajiri, siyo kwa kuchapa fomu.

Chuo nacho kinahitaji rilei, vifaa vinavyohisi hitilafu na kuiamuru breka ikate, zilizotolewa kazini na kifaa cha kuzipima. Rilei ya mkondo uliozidi, ya mkunjo wa kawaida (mkondo ukizidi zaidi, inakata haraka zaidi), ikiwekwa kipimo cha muda 0.1 na kuanza kazi kwenye ampea 1, ukiipa ampea 2 inatakiwa ikate kwa sekunde 1 hivi. Ukiipa 10, sekunde 0.3. Ikichelewa, mwanafunzi atafute kwa nini. Afundishwe pia kutochomoa kamwe waya wa upande wa pili wa transfoma ya mkondo, ile inayopunguza mkondo mkubwa ili upimike, laini ikiwa na mzigo, maana volti hapo zinaweza kupanda kwa maelfu. Asiyeonyeshwa hilo na msimamizi anaweza kujua siku anayozikwa. Tunavyosikia, rilei za zamani zinauzwa chuma chakavu. Kama si kweli, tuonyeshwe zilipo.

Kwa nini mageti yanafungwa? Tunahisi ni bima. Wengine wanasema kampuni zinaogopa siri zao. Uwoga wa ajali tunauelewa. Ila waajiri wenye watu 10 na kuendelea wanakatwa tozo ya ujuzi, asilimia fulani ya mishahara. Kama tozo ya ujuzi haiwezi kumnunulia mwanafunzi helmeti na buti, basi iitwe jina lingine. Gesi ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, imegunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015. Gesi imesafiri mpaka Dar. Kijana wa hapa hajavuka geti.

Tungeweza kuomba karakana, mhandisi wa kituo aje kufundisha kila mwezi, nafasi wakati mashine zinafunguliwa kwa matengenezo. Tunaviomba, ndiyo. Lakini kwanza karatasi moja, Mheshimiwa: nani analipa bima, nani anamsimamia mwanafunzi, kazi ipi ataigusa kwa kibali na ipi ataitazama tu akiwa nyuma ya kamba. Rasimu unayo mezani. Isaini, na uwaelekeze wenye vituo wasaini, kabla field ijayo haijafunguliwa.

Wakufunzi na mafundi wa umeme,
Mtwara