Kituo kipya cha runinga kitangaze na masafa yake

MHARIRI,

Kila kituo kipya cha runinga kisicholipiwa kinapozinduliwa nchini, mabango hujaa barabarani na chini yake huandikwa kwamba sasa kiko hewani kote nchini. Kesho yake simu za mafundi hazinyamazi: mbona kwangu hakionekani? Mara nyingi kituo kiko hewani kweli. Kinachokosekana ni habari nne zinazoenea katika mistari miwili ya tangazo: msambazaji yupi wa mawimbi amekibeba, kinarushwa kutoka milingoti ipi, kila mlingoti unatumia chaneli ipi ya UHF (yaani kipande kipi cha masafa ya runinga), na nambari ya kubonyeza kwenye rimoti ni ipi. Tunawaomba wenye vituo wazichapishe, kwa sababu bila hizo mtazamaji anatupa pesa kwa antena na ving'amuzi asivyohitaji.

Wengi bado wanadhani kila kituo kina masafa yake, kama enzi za analogi. Mambo hayo yaliisha 2015. Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya kurushia matangazo ya Limuru mwezi wa Februari mwaka huo, na Citizen, NTV na KTN zikatoweka kwa karibu wiki tatu, wananchi waliona ni vita vya ving'amuzi. Kiini chake kilikuwa nani atasambaza mawimbi. Kampuni za Signet ya KBC na PANG ya Wachina zilikuwa na leseni ya kusambaza. Vituo hivyo vitatu vikataka msambazaji wao, na leo tunaye ADN. Tangu hapo kituo hukodi nafasi kwa msambazaji, na chaneli moja ya UHF yenye upana wa MHz 8 hubeba vituo zaidi ya kumi kwa pamoja.

Maana yake kwa mtazamaji ni kwamba kituo kipya kikiingia kwenye chaneli ambayo tayari unaipata, huhitaji kununua chochote. Tafuta vituo upya, basi. King'amuzi hakijui kuna mgeni mpaka uamuru utafutaji. Ingia kwenye menyu ya usakinishaji, chagua utafutaji wa otomatiki, na usizime stima katikati. Kisipotokea, tumia utafutaji wa mkono: weka nambari ya chaneli au masafa yake, na upana uwe MHz 8, ukiachwa kwenye 7 hutapata kitu. Hesabu ya masafa ni rahisi: chaneli ya 21 ni MHz 474, na kila chaneli inayofuata unaongeza 8. Kwa hiyo chaneli ya 32 ni MHz 562. Hapa ndipo tangazo lenye nambari lingemfaa mtu. Lisilo nayo linamwacha akipapasa kutoka 21 hadi 48.

Mwenye king'amuzi cha kulipia ana shida nyingine. Orodha ya vituo hupangwa na kampuni iliyomuuzia, na kisanduku hicho huenda kisikubali kutafuta nje ya mtandao wake. Hapo hakuna fundi wa kumsaidia. Anunue kisanduku cha vituo vya bure kilichoidhinishwa na Mamlaka, au atumie runinga yenye kipokezi chake ndani.

Lakini si kila runinga yenye kipokezi ndani inafaa, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Kenya inarusha kwa DVB-T2, toleo jipya la mfumo wa dijitali wa DVB-T, picha zikiwa zimebanwa kwa MPEG-4. Runinga iliyoandikwa DVB-T peke yake haitapata kitu hata ukiipandisha juu ya mlingoti wenyewe. Zile za mitumba kutoka Uingereza, maarufu kama ex-UK, tazama alama yake: iliyoandikwa Freeview tu ni ya DVB-T ya zamani, iliyoandikwa Freeview HD ina T2 na inafaa. Zilizotengenezewa Marekani au Japani zinatumia mifumo mingine kabisa na lazima ziongezewe kisanduku. Tena kuna runinga zinazoficha T2 kulingana na nchi uliyochagua kwenye menyu. Ikikataa, badilisha nchi kisha utafute tena kabla hujamrudishia muuzaji.

Kuhusu antena: mawimbi ya UHF ni mafupi. Kwenye MHz 600 nusu ya wimbi ni sentimita 25, ndiyo maana vijiti vya antena ya UHF ni vifupi. Ile antena ya zamani yenye vijiti vya karibu mita nzima ni ya VHF, masafa ya chini yenye mawimbi marefu, na kuiacha juu ya paa ni kulisha kunguru. Weka ya UHF nje, juu ya mabati wala si chini yake, kwa sababu mabati huzuia mawimbi. Ielekeze kwenye mlingoti. Vijiti vilale au visimame? Inategemea mlingoti unavyorusha. Tazama vijiti vya antena ya jirani ambaye picha yake ni safi.

Kebo ya antena iwe ya aina ya RG6. Kila mita 10 hupoteza takriban desibeli 2 za nguvu ya mawimbi, na kigawanyio cha njia mbili hupoteza karibu 4. Mwenye nyumba anayegawa antena moja kwa wapangaji wanane kwa vigawanyio vya kuunganisha-unganisha asishangae wa mwisho akikosa. Kikuza mawimbi kikihitajika, kikae karibu na antena. Ukikiweka nyuma ya runinga kinakuza pamoja na uchafu ulioingia njiani. Na anayeishi karibu na mlingoti asikifunge kabisa, maana kinazidiwa na picha inaharibika zaidi. Umeme wa kikuza ukitoka kwenye king'amuzi, washa umeme wa antena kwenye menyu. Kama huna kikuza, uuache umezimwa. Maungio ya nje yafungwe kwa utepe wa mpira, na kebo ipinde kwenda chini kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke. Antena nyingi zinazokufa msimu wa masika zimeuawa na maji kwenye kiungio.

Unapopima mawimbi kwenye menyu, usidanganywe na mstari wa nguvu. Angalia ule wa ubora. Analogi ilikuwa inachakaa polepole, ukaona chenga na bado ukasikia habari. Dijitali huwa safi mpaka ghafla inaganda. Picha inayoganda jioni au mvua inaponyesha iko ukingoni, na kusogeza antena nusu mita kunaweza kutosha.

Yapo pia maeneo ambako hakuna antena itakayosaidia. Limuru iko ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mtu aliye Mai Mahiu yuko karibu nayo kuliko wa Thika, lakini ukuta wa bonde unaweza kumfunika. Kituo kinachosema kiko kote nchini kabla hakijakodi milingoti ya kutosha kinamdanganya huyu, naye atalipa fundi bure. Sema unaonekana wapi, kwa majina ya kaunti na miji, na ongeza orodha kadiri milingoti inavyoongezeka.

Jambo moja zaidi kwa wenye vituo. Nafasi ya kukodi ina bei, na kishawishi ni kuchukua ndogo. Picha ya kawaida kwa MPEG-4 inahitaji karibu megabiti 2 kwa sekunde, na ya HD nne hadi sita au zaidi. Ukibana mpira wa miguu chini ya hapo, nyasi zinageuka vipande vya miraba na mtazamaji anamlaumu fundi. Sauti nayo ipimwe. Vituo vya Ulaya hulenga LUFS −23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na matangazo ya biashara hayaruhusiwi kuruka juu yake. Majaribio yaanze angalau wiki mbili kabla ya sherehe, kwenye nambari ile ile itakayobaki, na chini ya picha ipite nambari ya chaneli ya UHF na simu ya kupigia, ili mlingoti wenye hitilafu ujulikane kabla wageni waalikwa hawajaketi.

Mafundi wa antena na ving'amuzi,
Nakuru