Barua kwa Mwanangu: Kioo na Sayari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikosesha usingizi. Unasema unatakiwa uchague: ama uunde vyombo vya darubini, ama usome sayari, na wenzako wanakwambia kuwa anayehangaika na vioo huishia kuwa fundi wa wenzake. Hapo sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 1953 mwanaastronomia Horace Babcock alieleza namna ya kuondoa ukungu ambao hewa yetu inautia kwenye picha za nyota: upime jinsi nuru inavyopotoshwa, kisha uukunje uso wa kioo kinyume chake papo hapo. Yeye aliwaza utando mwembamba wa mafuta juu ya kioo, ukichongwa kwa miale ya elektroni. Kompyuta za kufanya hesabu hiyo hazikuwapo. Wanaastronomia walisubiri hadi mwaka 1989, mfumo wa namna hiyo ulipojaribiwa Ufaransa. Miaka 10 baadaye ukawekwa kwenye darubini ya Keck yenye kioo cha mita 10, Hawaii. Kile kioo kidogo kinachojikunja kina visukumio 349 mgongoni, na umbo lake hubadilishwa mamia ya mara kwa sekunde. Babcock alifariki mwaka 2003, kwa hiyo aliyashuhudia haya, nami nafurahi kila nikilikumbuka hilo.

Sasa mtazame Franck Marchis, mwanaastronomia aliyetumia vioo hivi kutazama majirani zetu. Mwaka 2001 Keck ilinasa mlipuko mkubwa ajabu wa volkano ya Surt huko Io, mwezi wa Mshtarii. Mwaka 2005 yeye na wenzake wakatangaza kuwa Sylvia, mojawapo ya asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua, ina miezi miwili, si mmoja uliokuwa umeshajulikana. Walitumia darubini ya mita 8 huko Paranal, Chile. Mwezi wa ndani, Remus, huizunguka Sylvia kwa saa 33 hivi. Ukijua muda wa mzunguko na umbali wa mwezi, unajua uzito wa Sylvia. Ukijua na ukubwa wake, unajua msongamano, yaani uzito kwa ujazo. Wakapata mara 1.2 tu ya ule wa maji. Mwamba mzima hauwezi kuwa mwepesi hivyo, mwanangu! Sylvia ni kifusi kilichoshikana kwa mvutano wake wenyewe, chenye nafasi tupu nyingi ndani.

Hapa ndipo nataka utulie. Marekebisho ya kioo hayakamiliki kamwe. Kandokando ya kitu king'avu hubaki vidoa vya nuru, na kidoa kimoja hufanana kabisa na mwezi mdogo. Nani atavitenganisha? Ni yule anayejua kioo kilikuwa kinafanya nini usiku ule, nyota iliyotumika kupimia upotoshaji wa nuru ilikuwa hafifu kiasi gani, na kidoa kipi husogea na kipi hubaki palepale darubini inapozungusha picha. Ujuzi huo haupatikani kwa kupokea picha zilizokwisha safishwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo omba mwaka wa kwanza maabara, ushike kwa mikono yako kipimaji cha upotoshaji wa nuru, lakini mwambie msimamizi tangu sasa kuwa asteroidi ndiyo shabaha yako. Akikataa, niandikie upesi tuone pa kwenda.

Nakupenda sana.

Mama yako